Meseji Moja Imepotea? Tumia Wastani Kujua Ilikuwa Pesa Ngapi

Tuseme chama chenu cha Nyansiongo kina watu 6. Wiki iliyopita mlipiga hesabu pamoja mkapata wastani wa shilingi 550 kwa kila mtu. Leo mweka hazina anataka kuandika michango kwenye daftari, lakini kwa simu yake anaona meseji 5 tu. Moja ilifutwa simu ilipojaa. Minong'ono inaanza: pesa imeenda wapi?

Kabla hamjakosana, pigeni hesabu hii.

Hatua 3 tu

1. Tafuta jumla. Zidisha wastani kwa idadi ya watu: 550 × 6 = 3,300.

2. Jumlisha zile unazoziona: 500 + 600 + 400 + 700 + 500 = 2,700.

3. Toa: 3,300 − 2,700 = 600.

Meseji iliyopotea ilikuwa ya shilingi 600. Mbona inafanya kazi? Wastani ni jumla iliyogawanywa sawa kwa wote. Ukizidisha tena, unarudi kwenye jumla yenyewe.

Chunga haya

• Ambaye hakutoa kitu bado anahesabiwa. Sifuri pia ni namba.

• Andika pesa iliyoingia, bila ada ya kutuma.

• Kama wastani ulikadiriwa, jibu pia litakuwa la kukadiria. Kosa la shilingi 5 kwenye wastani linakuwa shilingi 30 kwa watu 6.

• Njia hii inapata namba moja tu. Zikipotea meseji mbili, utajua jumla yao, lakini hutajua kila mmoja alitoa ngapi.

Inasaidia hata kwa akiba

Unauza majani chai na unataka kuweka wastani wa shilingi 2,000 kwa mwezi, Septemba hadi Desemba, ili karo ya Januari isikupate mikono mitupu. Lengo lako ni 2,000 × 4 = 8,000. Septemba uliweka 1,500. Oktoba bonasi ikaingia, ukaweka 3,000. Novemba ilikuwa ngumu, 1,200. Jumla ni 5,700, kwa hivyo Desemba unahitaji 2,300. Ni afadhali ujue mapema kuliko kushtuka shule zikifunguliwa.

Mwisho, thibitisha

Hesabu inakuambia ni pesa ngapi, haikuambii ni nani aliyetuma. Usimlaumu mtu kwa sababu ya hesabu peke yake. Omba taarifa ya miamala kupitia menyu ya simu yako. Meseji ikifutwa, muamala wenyewe unabaki kwenye rekodi. Na mtu akikupigia akidai atakusaidia "kurudisha meseji" ukimpa namba yako ya siri, kata simu. Namba ya siri ni yako peke yako, hata mweka hazina haimhusu.