Hita ya Nairobi, ushuru wa Namanga

Tangi la hita ya umeme likitobolewa na kutu kwa ndani, fundi hushauri lishushwe. Kuziba ni kuahirisha tatizo. Mwenye nyumba wa Arusha humwagiza mfanyabiashara amletee jipya kutoka Nairobi. Faida ya safari hiyo huweza kuishia Namanga.

Cheti kilichorahisishwa cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, huangalia bidhaa imetengenezwa wapi, si imenunuliwa wapi. Hita ya China haiwi ya Kenya kwa sababu ya risiti ya duka la Nairobi. Mfanyabiashara makini husoma kwanza maandishi kwenye tangi, huulizia ushuru, ndipo humtajia mteja bei.