Bustani, Ua, Kiunga na Kitalu: Maneno ya Kupangia Bustani ya Nyumbani

Nomino *bustani* ni miongoni mwa maneno ambayo kila mzungumzaji wa Kiswahili hudhani anayaelewa mpaka siku atakapotakiwa kulipia kinachotajwa. Katika ukanda wa pwani ulio kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Bunju, kupitia Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo, hadi Bagamoyo, viwanja vingi vimejengwa nyumba za makazi, na kila nyumba inapokamilika huja swali la kuupamba uwanja wake. Mwenye nyumba humwambia fundi, "Nataka bustani." Yeye anawaza nyasi laini na maua, fundi anawaza michungwa na matuta ya mchicha. Wote wawili wametumia neno sahihi, lakini gharama wanazozifikiria hazifanani. Makala haya yanafafanua maneno yanayohusika, ili mwanafunzi ayatofautishe, mwalimu ayafundishe, na mtafsiri wa mikataba na makadirio asimtie mtu hasara.

Bustani na asili yake

*Bustani* (ngeli ya I-/ZI-) ni neno lenye asili ya Kiajemi lililopitia Kiarabu. Sehemu yake ya kwanza, *bu*, humaanisha harufu nzuri. Sehemu ya pili, *-stan*, humaanisha mahali. Kwa asili, basi, bustani ni mahali penye harufu nzuri. Maana hiyo haiko mbali na mapenzi ya watu wa pwani, ambao huthamini mmea kwa harufu yake pamoja na rangi yake. Asumini, mlangilangi, mrihani na mkadi hupandwa karibu na nyumba kwa sababu maua au majani yake hunukia na hufaa kutungiwa vikuba. Mbunifu anayemwuliza mteja rangi azipendazo tu, bila kumwuliza harufu, ameacha nusu ya swali.

Wanafunzi huhadaika na silabi ya mwisho ya neno hili. *-ni* ya *bustani* si kiambishi cha mahali kama ile ya *nyumbani* au *shambani*. Ni sehemu ya neno lenyewe. Kwa hiyo husemwa "Bustani ina maua mengi", na panapokusudiwa mahali, "Bustanini mna maua mengi" au "Katika bustani mna maua mengi".

*Bustani* hutumika kwa maua, kwa mboga na kwa miti ya matunda. Ndiyo sababu kivumishi au kijalizo chake hakifai kuachwa katika maandishi ya kazi: *bustani ya maua*, *bustani ya mboga*, *bustani ya matunda*. *Shamba*, kwa matumizi ya Tanzania, huashiria eneo kubwa zaidi la mazao, mara nyingi nje ya makazi. Nchini Kenya neno hilo huweza kutumika hata kwa kipande kidogo cha ardhi kilicho nyumbani. Kutokana na matumizi hayo kulienea jina *shamba boi*, ambalo lina sauti ya enzi za ukoloni na humdunisha mfanyakazi mtu mzima. Katika maandishi rasmi istahabu *mtunza bustani*, na kwa anayebuni na kujenga, *fundi bustani* au *mbunifu wa mandhari*.

Ua, uwanja, kiwanja na kiunga

*Ua* ni maneno mawili yanayofanana kwa umbo. La kwanza ni sehemu ya mmea: *ua hili, maua haya* (ngeli ya LI-/YA-). La pili ni uzio, au eneo lililozungukwa na uzio huo: *ua huu, nyua hizi* (ngeli ya U-/ZI-). Upatanisho wa kisarufi ndio unaoyatenga. "Ua limekauka" ni habari ya mmea. "Ua umeanguka" ni habari ya uzio, na pengine ni habari ya gharama kubwa. Katika nyumba ya Kiswahili ya mjini, mbele kuna baraza na nyuma kuna ua wenye jiko, kisima na, mara nyingi, mpapai au kichaka cha mchaichai. Huko ndiko ilikokuwa bustani ya nyumbani kabla ya desturi ya kuweka nyasi mbele ya nyumba kuenea.

Kwa uzio wenyewe, Kiswahili cha leo hutofautisha *ukuta* wa matofali au mawe, *ua wa makuti*, na *uzio wa michongoma* au mimea mingine iliyopandwa kwa mstari na kukatiwa. *Fensi* husikika sana katika mazungumzo, lakini haisemi ni uzio wa kitu gani. Mkataba hauna budi kusema.

*Kiwanja* ni kipande cha ardhi kilichopimwa kwa ajili ya kujenga. *Uwanja* ni eneo lililo wazi, liwe la mpira au la mbele ya nyumba. Kiwanja hununuliwa, uwanja wa nyumba hufagiliwa. *Kiunga* kilikuwa shamba la miti ya matunda pembezoni mwa mji. Kutokana na hapo wingi wake, *viunga*, ukapata maana ya maeneo ya pembezoni ya mji, na siku hizi magazeti huandika hata "viunga vya Bunge" kwa maana ya maeneo yanayolizunguka jengo. Mtafsiri anayekutana na *kiunga* katika maandishi ya zamani kuhusu Bagamoyo aelewe kwamba huenda kinachotajwa ni minazi na miembe, si mtaa.

Bagamoyo yenyewe inaonyesha jinsi maana hizi zilivyoishi pamoja. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao hapo mwaka 1868, wakalima bustani na kupanda minazi, na njia ya misheni hiyo yenye miembe pande zote mbili ni mandhari inayojulikana hadi leo. Mmoja wao, Charles Sacleux, aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo, alikuwa mtaalamu wa mimea na mtunzi wa kamusi kwa wakati mmoja. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapishwa kati ya mwaka 1939 na 1941 imehifadhi majina mengi ya mimea ya pwani pamoja na majina yake ya kisayansi. Anayetafuta jina la Kiswahili la mmea wa pwani atafaidika kuanzia kwa watu kama yeye, walioliuliza jina la mmea mahali ulipoota.

Kitalu

*Kitalu* kina maana tatu ambazo zote huweza kuonekana katika faili moja la mteja. Kwanza, ni mahali pa kuoteshea miche: "Miche itatoka kitaluni." Pili, katika hati za ardhi za Tanzania, ni fungu la viwanja lililopewa herufi au namba, hati husema kiwanja fulani kiko katika kitalu fulani, na hapo hakuna mche wowote. Tatu, ni eneo lililogawiwa kwa shughuli maalumu, kama *kitalu cha uwindaji*. *Kitalu nyumba* nacho ni jengo la kuoteshea mimea lililofunikwa kwa nailoni au wavu. Mtafsiri atazame jirani wa neno kabla ya kuamua.

"Ladha" ya mteja

Tafsiri nyingi kutoka Kiingereza husema bustani ibuniwe "kulingana na ladha ya mteja". Ladha ni ya ulimi. Kiswahili kina njia zake: *kama apendavyo mteja*, *kwa chaguo la mteja*, *kwa mapendeleo ya mteja*. Vivyo hivyo, "kulingana na bajeti" hukubalika, lakini *kwa kadiri ya uwezo wake* husema jambo hilohilo kwa heshima, maana huutazama uwezo wa mtu bila kuupima hadharani.

Udongo, maji na upepo

Udongo wa ukanda huu katika sehemu nyingi ni *kichanga*, na mahali pengine mwamba wa matumbawe hauko mbali na uso wa ardhi. Kichanga hupitisha maji upesi, hivyo huhitaji kuongezewa *mboji*, yaani mabaki ya mimea yaliyooza, au *samadi*, yaani kinyesi cha mifugo. Maneno hayo mawili yasichanganywe: samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza miche. Wala *mchanga* si *udongo*. Anayeagiza "lori la mchanga" ataletewa wa kujengea, na nyasi hazitaota juu yake kama alivyotarajia. La kuagiza ni *udongo wa kupandia*.

*Maji baridi* katika muktadha huu ni maji yasiyo na chumvi, hata yakiwa ya moto kwa jua. Kisima kilicho karibu na bahari huweza kutoa maji ya chumvi, na kabla ya kuchagua mimea ni lazima kujua maji yatatoka wapi. Upepo wa bahari nao hubeba chumvi. Mvinje na mkungu huvumilia hali hiyo, na ndiyo maana huonekana karibu na ufuko. Mimea laini hufaa kukingwa nyuma ya ukuta au nyuma ya miti hiyo. Mnazi huvumilia pia, lakini usipandwe juu ya baraza wala maegesho ya gari, kwa sababu ambayo kila mwenye nazi anaijua.

Vitenzi vinavyogharimu mti

Tofauti ya *kukata* na *kukatia* ni irabu moja, lakini irabu hiyo ndiyo inayouacha mti ukiwa hai. *Kukata mti* ni kuuangusha. *Kukatia mti*, au *kupogoa*, ni kupunguza matawi yake. Mwenye nyumba aliye Muscat au London, akiandika kwa haraka, "Fundi, naomba ukate mwembe wa nyuma," atarudi akute kisiki, na hatakuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa fundi ametii alichoandikiwa. Mwembe wa miaka 20 haulipiki kwa kuomba radhi.

Vitenzi vingine vya jamii hii ni *kufyeka* (kuondoa majani na vichaka kwa panga au fyekeo), *kung'oa* (kutoa mmea pamoja na mizizi) na *kupalilia* (kuondoa magugu kati ya mimea inayobakizwa). Upande wa kupanda kuna *kuotesha* mbegu, *kupandikiza* mche uliokwisha kukua, na *kubebesha*, yaani kuunganisha kikonyo cha mti mmoja na shina la mwingine. Mwembe uliobebeshwa huzaa mapema kuliko uliooteshwa kwa kokwa, na bei ya mche wake ni kubwa zaidi. Kuandika "miche ya miembe" bila kutaja aina ni kuacha mlango wazi.

*Majani* na *nyasi* pia huhitaji uangalifu. Katika mazungumzo ya Tanzania, "kupanda majani" ni kupanda nyasi za kufunika uwanja. Katika maandishi, *nyasi* ni bora, na *ukoka* hutumika kwa aina itambaayo.

Fedha: maneno matano ya kutenganisha

*Makadirio* ni hesabu ya gharama kabla ya kazi. *Arubuni* ni malipo ya awali ya kuthibitisha makubaliano. *Vifaa* ni vitu vinavyonunuliwa: miche, udongo, kokoto, mabomba. *Ufundi*, katika lugha ya malipo, ni ujira wa anayefanya kazi. *Matunzo* ni gharama ya kila mwezi baada ya kazi kwisha. Neno hili la mwisho ndilo linalosahauliwa mara nyingi, nalo ndilo linaloamua kama bustani itaishi.

Mfano wa hesabu utaonyesha. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina mita za mraba 600. Nyumba ikichukua 180, na njia na maegesho 120, hubaki 300. Eneo lote hilo likipandwa nyasi, na nyasi zikipewa lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku ya kiangazi, zitahitaji lita 1,500 kwa siku, yaani mita za ujazo 45 kwa siku 30. Nyasi zikibaki mita za mraba 80 tu mbele ya baraza, mahitaji ya nyasi hushuka hadi lita 400 kwa siku, yaani mita za ujazo 12. Sehemu iliyobaki huweza kupewa miti ya kivuli, mishubiri, bugenvilia, changarawe na *matandazo* ya majani makavu yanayozuia unyevu usipotee. Miti michanga itahitaji maji yake mwanzoni, lakini mahitaji hayo hupungua mizizi ikishafika chini.

Majira nayo ni sehemu ya makadirio. Anayepanda mwanzoni mwa masika, mwezi Machi au Aprili, husaidiwa na mvua; aliyechelewa huweza kungoja vuli, kuanzia Oktoba. Anayepanda kaskazi ikivuma na jua likiwa kali atanunua maji ambayo angeyapata bure. Kila milimita 1 ya mvua inayonyesha juu ya mita ya mraba 1 ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 10 hupokea lita 1,000. *Kinga maji* si methali tu.

Sentensi isiyotosha na inayotosha

Isiyotosha: "Fundi atatengeneza bustani nzuri ya nyumbani pamoja na kukata miti."

Inayotosha: "Fundi bustani atapanda ukoka katika mita za mraba 80 mbele ya baraza, juu ya udongo wa kupandia wenye mboji, atapandikiza miche 2 ya miembe iliyobebeshwa na miche 6 ya asumini uani, atapogoa, bila kuukata, mwembe uliopo, na makadirio haya yanajumuisha vifaa na ufundi, lakini si matunzo."

Sentensi ya pili ni ndefu, wala haina neno gumu. Ubora wake ni kwamba mteja na fundi wakiisoma, wanaona bustani moja.