Mvinyo Haufi Chunguni

Liko neno moja lililozoeleka midomoni mwa wapishi wa mahoteli ya kitalii, kuanzia Malindi mpaka Diani, na kutoka huko limeshaingia hata majumbani mwetu. Neno lenyewe ni kwamba mvinyo ukitiwa katika chakula na chakula kikapikwa, basi ulevi wote huruka na mvuke, kikabaki chunguni ni utamu tu. Mgeni husema hivyo, na kijana wetu aliyefundishwa kazi na mgeni naye husema hivyo hivyo. Hata mwanamke mja mzito anayefanya kazi jikoni, akitakiwa aonje rojo kabla halijapelekwa mezani, akasitasita, huambiwa: "Onja tu, dada yangu, moto umeshamaliza."

Moto haukumaliza. Hilo ndilo nitakalo kulieleza leo, na nitalieleza kwa hesabu, maana jambo la mtoto aliye tumboni si la kuachiwa kauli ya jikoni.

Najua yuko msomaji atakayeuliza: sisi Waislamu yatuhusu nini haya, na haramu iko wazi kama jua la mchana? Yatuhusu, bwana wangu. Wana wetu wa kike na wa kiume ndio wanaozikoroga sufuria hizo kila siku ili wapate riziki. Mabinti zetu wengine wameolewa London na miji mingineyo ya ng'ambo, hualikwa na jirani na kuandaliwa chakula wasichokijua asili yake. Tena tuna majirani wasio wa dini yetu, nao pia huzaa, na haki ya jirani ni kuambiwa la kweli.

Basi tuanze na moto wenyewe. Alkoholi, yaani kile kiini kinacholevya, huchemka kwenye joto la digrii 78, na maji huchemka kwenye 100. Hapo ndipo watu walipodanganyika. Walidhani ukifika digrii 78 alkoholi yote itaondoka mbio kama abiria aliyeitiwa basi lake. Lakini alkoholi ikishachanganyika na maji, haiachani nayo kwa urahisi namna hiyo. Hutoka pamoja na mvuke wa maji, kidogo kidogo, na nyingine hubaki imejificha ndani ya rojo mpaka mwisho. Mwaka 1992 wataalamu wa Marekani walipika vyakula mbalimbali vyenye mvinyo na pombe kali, kisha wakapima kilichobaki. Walikuta kuanzia asilimia 4 mpaka asilimia 85, kwa kutegemea namna ya upishi. Idara ya Kilimo ya nchi hiyo ina jedwali lake la mambo haya. Pombe ikitiwa katika kitu kinachochemka kisha kikaepuliwa hapo hapo, hubaki asilimia 85. Ikipikwa nusu saa, hubaki asilimia 35. Saa nzima, asilimia 25. Saa mbili, asilimia 10. Hata baada ya saa mbili na nusu bado iko asilimia 5.

La ajabu zaidi ni ule mchezo wa kuwasha moto mezani. Wageni huupenda sana. Mpishi huja na kikaango chake, akamimina brandi juu ya zile chapati nyembamba za Kifaransa ziitwazo crêpes Suzette, akawasha, na ndimi za buluu zikapanda juu watu wakapiga makofi. Nani angedhani kwamba pombe imebaki hapo? Kumbe katika upishi huo hubaki asilimia 75! Moto ule huunguza mvuke wa juu, ukizimika umeziacha robo tatu katika sahani. Moto mkubwa wa kutazamwa, kazi yake ndogo.

Tufanye hesabu ya chupa moja ya mvinyo wa asilimia 12. Chupa ya mililita 750 ina mililita 90 za alkoholi tupu. Tuseme imetiwa yote katika sufuria ya jogoo apikwaye na mvinyo, jinsi wafanyavyo Wafaransa, na jogoo akatokota saa mbili kamili. Zitabaki mililita 9, na wakila watu sita, kila mmoja amepata moja na nusu. Mpishi akiwa na haraka akamwepua baada ya nusu saa, kila sahani itakuwa na zaidi ya mililita 5. Na zile chapati? Vijiko vinne vikubwa vya brandi, yaani mililita 60, vina alkoholi mililita 24. Zikibaki 18, zikagawanywa kwa watu wanne, ni mililita nne na nusu kwa kila mlaji, ambayo ni karibu nusu ya kile kipimo kimoja cha kinywaji wanachohesabia madaktari wa Uingereza. Sijataja bado vile vitamutamu vya Kitaliano, kama tiramisu, ambavyo hutiwa mvinyo au ramu na havioni moto kabisa.

Sasa twende kwa mja mzito. Alkoholi ikiingia katika damu ya mama hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto, na kiasi kilichomo katika damu ya mtoto hukaribia kile cha mama yake. Tofauti ni kwamba mama ana ini pevu la kuivunjavunja, na mtoto ini lake ni changa halijaiweza kazi hiyo. Mtu aliyeliona jambo hili mapema alikuwa Mfaransa, katika nchi ile ile ya jogoo wa mvinyo: Paul Lemoine, daktari wa watoto wa mji wa Nantes, ambaye mwaka 1968 aliandika habari za watoto 127 wa wazazi walevi. Aliwaona wakifanana nyuso kama ndugu, wadogo wa umbo, na wazito wa kufahamu. Wachache walimsikiliza. Mwaka 1973 madaktari wa Seattle, Marekani, waliandika habari hiyo hiyo wakaipa ugonjwa jina, na hapo dunia ikazinduka. Mwaka 1981 daktari mkuu wa serikali ya Marekani aliwashauri waja wazito wasiguse pombe, na madaktari wakuu wa Uingereza wakasema vivyo hivyo mwaka 2016. Sababu yao ni kwamba hakijajulikana kiasi cha pombe kilicho salama kwa mtoto, na ubongo wake hujengeka miezi yote tisa.

Lakini tusimtishe mtu bure. Watoto wale wa Nantes mama zao walikuwa wanywaji, si walaji wa sahani moja ya mchuzi. Mwanamke aliyealikwa, akala, kisha akaja kuambiwa kwamba rojo lilikuwa na mvinyo, asikose usingizi. Kiasi alichopata ni kidogo, na kwa dini yetu aliyekosea bila kujua hana dhambi. Amweleze mkunga wake wa kliniki kama moyo haujatulia, kisha aendelee na ujauzito wake. Ninayemkataza ni yule ajuaye, akala kila wiki akiegemea kauli ya kwamba moto umemaliza.

Kwa upande wa sheria, sisi tuliosoma chuoni katika madhehebu ya Imamu Shafii tulifundishwa kwamba mvinyo ni najisi, na chakula kilichopikwa nao hakitwahariki kwa kuchemshwa, hata kikitokota kutwa kucha. Maulamaa hawakungoja vipimo vya mwaka 1992.

Watu wengine huvuka mpaka kwa upande wa pili, wakaogopa hata siki. Siki ni kitu kingine. Tembo la mnazi likiachwa wazi likachacha, vijidudu huigeuza alkoholi yake ikawa ukali. Ikishageuka yenyewe bila kutiwa kitu, Mashafii wanaihesabu ni twahara, na Mtume (S.A.W.) aliisifu kwa kitoweo. Mja mzito na atie siki katika kachumbari yake. Hamira nayo hufanya alkoholi chembe katika unga uliochachuliwa, na nyingi yake hutoka tanurini. Sijapata kusikia mtu aliyelewa kwa mkate wa mofa. Vanila ya chupa ndiyo inayotaka kusomwa maandishi yake, kwa maana sheria ya Marekani yataka arki ya vanila iwe na alkoholi isiyopungua asilimia 35. Kijiko kimoja cha chai katika keki nzima ni kitu kidogo sana kwa afya, lakini kwa nini tuhangaike, na ndugu zetu wa Ngazija wanalima vanila yenyewe, maganda meusi yanayonukia, ambayo hupasuliwa yakachemshwa katika maziwa?

Na yule dada wa jikoni? Amwambie mkuu wa wapishi waziwazi kwamba ana mimba na kwamba rojo la mvinyo ataonja mwingine. Hasa asionje punde tu mvinyo ulipomiminwa, maana hapo ndipo ule wa asilimia 85. Mkuu mwenye busara atakubali. Tena dada huyo anaweza kumfundisha mkubwa wake jambo. Mvinyo katika nyama hutafutiwa ukali wake na harufu yake, na sisi ukali hatujapata kuuomba kwa mtu. Aroweke ukwaju, auchuje, autie maji ya zabibu yasiyochachuka, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa chekundu, mdalasini kijiti kimoja na pilipili manga. Nyama ya ng'ombe ikikaa humo kwa moto mdogo saa mbili hulainika ikaachana na mfupa, na rojo lake huwa jeusi la kung'ara. Huyo mgeni ataomba sahani ya pili kabla hajauliza kilichotiwa.