Unga wa Chapati na Maharamia

Napika chapati Kibera, Nairobi, nalala Kawangware. Bahari nimeiona mara moja tu. Lakini ngano nyingi ya unga tunaotumia huingilia Mombasa kwa meli, ndiyo maana habari za maharamia wa Somalia hazinipiti. Aprili 2009 walipanda meli ya Maersk Alabama, iliyokuwa ikileta Mombasa chakula cha msaada. Mabaharia wengi walijifungia chini, kwenye mitambo, wakazima umeme na injini. Maharamia wakaondoka na nahodha katika mashua ya uokoaji. Manowari ya Marekani ikamkomboa. Mimi nasifu kujiandaa kwanza: seng'enge ukingoni mwa meli, mwendo wa kasi, chumba imara cha kujifungia chenye redio. Wanaokamatwa washtakiwe, kama ilivyofanyika katika mahakama ya Gereza la Shimo la Tewa, Mombasa. Nao wavuvi wa Somalia walioibiwa samaki na meli za kigeni wasikilizwe, ili wasivutwe na uharamia.