Kifandugu, mfupa unaompisha mtoto

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia. Amejifungua wiki saba zilizopita, damu imekatika, mshono umepona, amekandwa maji ya moto arobaini yote. Lakini akikaa kwenye kochi anyonyeshe, wakati wa kuinuka anachomwa chini kabisa ya mgongo mpaka anashika ukuta. Ajabu yake, akikalia mbuzi kukuna nazi hasikii kitu. Wifi zake wanamwambia ni baridi imeingia. Swali lake: kwa nini kochi linamuumiza na mbuzi haimuumizi, na kwa nini kuinuka kuna maumivu kuliko kukaa?

Hayo ni maswali ya mtu anayejichunguza, na majibu yote mawili yamo kwenye mfupa mmoja.

Ni kifandugu, ile ncha ya uti wa mgongo, pingili nne kwa watu wengi, zinazopungua ukubwa kadiri zinavyoshuka. Wengine husema kitokono. Wagiriki wa kale waliuona umejipinda kama mdomo wa kekeo, wakaupa jina la ndege huyo, na mwaka 1859 James Young Simpson wa Edinburgh, daktari yule yule aliyeanza kuwapa wazazi klorofomu mwaka 1847, akaliunganisha jina hilo na neno la maumivu. Ndiyo maana cheti cha hospitali huandikwa koksidinia, neno lisilomwambia mama chochote. Kusema maumivu ya kifandugu ni sahihi, ila kumepoa mno. Mimi naomba tuseme kichomi cha kifandugu. Kichomi tunakijua: kinakuja ghafla, tena kwa tendo fulani. Cha ubavuni huja ukivuta pumzi, hiki huja ukiinuka. Jina linabeba dalili, na mama akilitamka tu mkunga ameshajua aulize nini.

Sasa sikilizeni hesabu hii, maana kila nikiirudia inanifurahisha upya. Kutoka ukingo wa chini wa mfupa wa kinena hadi ncha ya kifandugu kuna sentimita 9.5 hivi. Kichwa cha mtoto aliyeinamisha kidevu vizuri nacho kina sentimita 9.5. Hapo hapana nafasi hata ya nyama. Lakini kifandugu kimeungwa na mfupa ulio juu yake kwa kiungo kinachopinda, na kichwa kikifika kinakisukuma nyuma, njia inafika 11.5. Sentimita mbili, upana wa kidole gumba, na mtoto anapita.

Chukueni mlango mwembamba wa uani, na kabati linatolewa. Ubao wa mlango, ndio kifandugu, unafunguka kwa nje, na bawaba zimeshatiwa mafuta, kwa kuwa homoni za ujauzito zimelegeza kano. Kabati linateleza. Sasa mtu akiegemeza gunia la mchele nyuma ya ubao ule, wa ndani wanasukuma, gunia halisogei. Kitakachosalimu amri ni bawaba. Gunia ndicho kitanda, pale mama anapolazwa chali na uzito wake wote umekalia kifandugu. Akilala ubavu, akipiga magoti au akichutama, gunia halipo. Na mtoto akivutwa kwa koleo, ni kama kabati linalong'olewa kwa haraka kabla ubao haujafunguka wote.

Bawaba iliyolegea inaendelea kusumbua hata kabati likishatoka. Mama akizama kwenye kochi na kuegemea nyuma, uzito unausukuma ubao utoke kwenye fremu yake. Anazoea, anakaa. Akiinuka, ubao unarudi mahali pake kwa kishindo, na hicho ndicho kichomi. Kwenye mbuzi anainamia mbele, uzito unabebwa na mifupa miwili ya makalio na mapaja, ubao haujaguswa.

Jean-Yves Maigne wa Paris aliuona ubao huo ukihama. Aliwapiga wagonjwa eksirei wakiwa wamesimama, kisha wakiwa wamekaa palepale panapouma, akalinganisha. Mwaka 2012 alitoa habari za wanawake 57 walioumwa baada ya kuzaa: mfupa kuteguka mtu anapokaa ndilo lililoonekana zaidi, na nusu hivi walikuwa wamezalishwa kwa koleo. Aliyepigwa picha amelala huambiwa mfupa wake mzima.

Basi dada yangu wa Tanga, kochi liache. Kata kipande cha godoro la sponji, kitoe pengo upande wa nyuma ili kifandugu kining'inie. Nyonyesha umelala ubavu. Kabla ya kuinuka, inama mbele kwanza. Kula papai na mboga choo kisiwe kigumu, na parasetamoli haimdhuru mtoto. Wengi hupona ndani ya miezi michache. Ukiona homa, ganzi kwenye mapaja au mkojo usiozuilika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nanyi wakunga, tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linashauri mama ahimizwe kuchagua mwenyewe mkao wa kuzalia. Mwacheni achague. Na anapokuja kliniki wiki ya sita, kabla hamjafunga faili, mwambieni akae kwenye benchi, kisha ainuke, mkimtazama uso.