Kruzi imegoma kwenye pikapu ya mzigo? Angalia taa za breki kwanza

Wadau, wengi tunaouza mtandaoni huku Kanda ya Ziwa mzigo wetu unategemea pikapu za zamani. Oda inaingia WhatsApp, ila dagaa na mchele vinafika Bariadi au Mwanza kwa gari. Sasa kruzi, ile inayoshika spidi bila wewe kukanyaga mafuta, ikifa watu wanasema: si inatembea? Achana nayo. Mimi nakataa, na sababu siyo starehe.

Iko hivi. Kruzi lazima ijue umekanyaga breki ili iachie. Taarifa hiyo inaipata kwenye swichi ndogo juu ya pedali ya breki, ile ile inayowasha taa za breki. Swichi ikifa au fyuzi ikiungua, kruzi inaweza kugoma. Baadhi ya gari hugoma hata balbu za breki zikiungua zote. Maana yake huenda gari inakwambia huna taa za breki. Sasa uko Lamadi kuelekea Bunda, jirani na geti la Ndabaka, ng'ombe au mnyama wa hifadhini anakatiza mbele, nyuma yako basi linakimbiza muda. Unakanyaga breki, wa nyuma haoni kitu. Mzigo wa wateja wote umo humo, na wewe umo.

Kupima ni bure. Mtu asimame nyuma, wewe kanyaga breki. Hakuna taa? Anza na fyuzi, kisha balbu, kisha swichi. Zinawaka muda wote? Swichi imekwama, kruzi inadhani bado umekanyaga. Zikiwa sawa, angalia swichi ya klachi kama gari ni ya gia za mkono. Mshale wa spidi haupandi? Shuku sensa ya spidi. Honi nayo imekufa? Huenda ni kebo ndani ya usukani; hapo mwite fundi umeme, kuna eabegi. Na usijaribie kruzi stendi, nyingi hazishiki chini ya kilomita 40 kwa saa.

Fundi akitaka kuunga waya kuiruka swichi, mkatalie. Kruzi isiyoachia ni hatari kuliko iliyokufa. Swichi hizi siyo za kuchezea: Marekani, hadi 2009, Ford ilikuwa imeita magari zaidi ya milioni 14, zikiwemo pikapu za F-150, kwa sababu swichi ya kruzi iliweza kuvuja na kuwasha moto hata gari likiwa limezimwa.

Kwa mnaouza spea: mteja akiomba swichi, mwambie atume video ya taa za breki, picha ya plagi na namba ya chesisi. Zinafanana kwa macho, ila nyingi za gari zenye kruzi zina pini 4, zisizo na kruzi zina 2. Usipouliza itarudi, na nauli ya basi utalipa wewe.