Mpira Unaotolewa Nje kwa Ajili ya Majeruhi

Mchezaji ameanguka, anagaagaa. Mpinzani mwenye mpira anautoa nje kwa makusudi ili atibiwe. Kisha timu inayorusha inaurudisha kwa walioutoa, na mashabiki wa pande zote wanapiga makofi. Tumeyaona haya tangu utotoni hata tukadhani yameandikwa katika sheria 17 za soka. Hayamo. Sheria inamtaka mwamuzi asimamishe mchezo pale tu anapoona mtu ameumia vibaya. Vinginevyo mchezo unaendelea mpaka mpira utoke. Yaliyobaki ni uungwana wa wachezaji wenyewe, na hakuna kadi inayoulinda.

Februari 13, 1999, Arsenal na Sheffield United walikuwa sare 1-1 katika Kombe la FA. Kipa Alan Kelly akautoa mpira nje ili mwenzake atibiwe. Ray Parlour wa Arsenal akaurusha kumrudishia, lakini Nwankwo Kanu, aliyekuwa akiichezea Arsenal kwa mara ya kwanza, akaunasa na kumpasia Marc Overmars, aliyefunga. Bao lilikuwa halali. Mwamuzi hakuwa na kifungu cha kulikataa. Kocha Arsène Wenger ndiye aliyependekeza mechi irudiwe. Ikarudiwa, na Arsenal wakashinda tena 2-1.

Aprili 2019 Leeds walifunga huku Jonathan Kodjia wa Aston Villa akiwa chini. Baada ya vurugu, kocha Marcelo Bielsa aliwaamuru vijana wake wawaache Villa wasawazishe. Beki mmoja alijaribu kuzuia, lakini Albert Adomah akafunga. Mechi ikaisha 1-1, na sare hiyo ikawahakikishia Sheffield United, waliokuwa wakigombea na Leeds nafasi ya kupanda daraja, tiketi ya Ligi Kuu. Bielsa alilipa gharama halisi, na kwangu hapo ndipo ukubwa wa tendo lake ulipo.

Kinachoumaliza utamaduni huu ni kujilaza. Timu inaongoza bao moja, dakika ya 85 kipa anaanguka bila kuguswa, na mashabiki wake wanamshangilia kwa ujanja. Wapinzani wakishadanganywa hivyo, wataendelea kucheza hata siku mtu amegongwa kichwa kweli, na jeraha la kichwa halitaki kusubiri. Shabiki anayeshangilia uongo ule ana sehemu yake katika hatari hiyo.

Kuna pia kurudisha nusu: mpira unapigwa utoke karibu na kibendera cha kona cha wapinzani, kisha timu nzima inapanda kuwabana wanaporusha. Huo si urudishaji. Mpira upelekwe kwa kipa, naye aachwe autulize. Katika mechi za vijana, makocha wawili wakubaliane hivyo kabla ya filimbi ya kwanza, na wawaambie wachezaji wa timu zote mbili wakiwa pamoja.